Nakala isiyojaribiwa si akiba: Jinsi ya kuokoa kompyuta ndogo kadi inapokufa

KADI ya kumbukumbu yenye upana wa milimita 11 na urefu wa milimita 15 haizidi ukucha wa kidole gumba. Hata hivyo, katika ofisi, shule, maduka na karakana nyingi, kadi ya namna hiyo ndiyo inayobeba kila kitu ambacho kompyuta ndogo inahitaji ili ifanye kazi: mfumo endeshi, programu, mipangilio iliyorekebishwa kwa miezi kadhaa na kumbukumbu za kazi ya kila siku.

Siku kadi hiyo inapoharibika, kifaa chenyewe huwa kizima. Umeme unaingia na taa inawaka, lakini hakuna kinachoendelea. Kilichopotea si chuma wala plastiki, ambavyo vinaweza kununuliwa tena dukani. Kilichopotea ni kazi ya mtu aliyekiandaa kifaa hicho, na mara nyingi mtu huyo amekwishahama, au amesahau hatua alizozipitia.

Njia ya kujikinga na hasara hiyo ni kutengeneza picha ya mfumo, yaani nakala kamili ya kadi nzima, na kuihifadhi mahali pengine ili irejeshwe pale inapohitajika. Kutengeneza nakala si kazi kubwa. Ugumu uko katika kuirejesha, na hapo ndipo wengi hugundua, wakiwa wamechelewa, kwamba walichokitunza kwa miaka hakifanyi kazi.

Kompyuta zisizoonekana

Neno kompyuta huwafanya watu wengi wafikirie mashine yenye kioo na kibodi. Lakini kompyuta nyingi zaidi duniani zimepachikwa ndani ya vifaa vingine na hufanya kazi moja au chache tu. Zimo ndani ya ving'amuzi vya televisheni, mashine za kutolea risiti, kamera za ulinzi, vifaa vya kusambaza intaneti majumbani, magari na mitambo ya viwandani.

Miongoni mwa zinazojulikana sana ni Raspberry Pi, kompyuta yenye umbo la bodi moja inayolingana na kadi ya benki, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, na Eben Upton pamoja na wenzake. Ilianza kuuzwa Februari 29, 2012, ikikusudiwa kuwasaidia vijana kujifunza kuandika programu kwa gharama ndogo. Toleo la kwanza liliuzwa kwa dola 35 za Marekani. Hadi mwaka 2024, kompyuta hizo zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimeuzwa, nyingi kati yake zikienda viwandani na kwenye biashara badala ya madarasani.

Raspberry Pi inafaa kueleza suala hili kwa sababu kila kitu chake kiko wazi. Matoleo yake mengi hayana diski ngumu. Mfumo endeshi wake, ambao uliitwa Raspbian hadi mwaka 2020 ulipopewa jina la Raspberry Pi OS, hukaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu inayochomekwa chini ya bodi. Ukiitoa kadi, kompyuta haina inachokijua. Ukiirudisha, kila kitu kinarejea kama kilivyokuwa.

Urahisi huo una pande mbili. Mtu anaweza kubadilisha kazi ya kompyuta nzima kwa kubadilisha kadi tu. Kwa upande mwingine, mfumo mzima unategemea kitu kimoja ambacho hakikutengenezwa ili kidumu milele.

Kwa nini kadi hufa

Kadi za kumbukumbu hutumia teknolojia ya flashi, iliyovumbuliwa na mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba, na kuwasilishwa mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1984. Taarifa huhifadhiwa kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno. Chaji hiyo hubaki hata umeme unapozimwa, na ndiyo maana kadi inaweza kukaa mfukoni bila kupoteza picha wala nyimbo.

Tatizo ni kwamba kila seli inapofutwa na kuandikwa upya, tabaka jembamba linalozuia chaji isivuje huchakaa kidogo. Seli haiwezi kustahimili uandishi usio na kikomo. Kadi za kawaida huweza kuvumilia kati ya mamia kadhaa na maelfu kadhaa ya mizunguko hiyo, kutegemea aina na ubora wake. Kamera ya mtalii inaweza isifikie kikomo hicho kamwe. Kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana, ikiandika kumbukumbu za matukio yake kila baada ya sekunde chache, inaweza kukifikia mapema.

Kwamba jambo hili si la nadharia tu lilidhihirika mwaka 2021, pale kampuni ya magari ya Tesla ilipotangaza kuyaita magari takriban 135,000 ya aina ya Model S na Model X nchini Marekani ili yarekebishwe. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilikuwa imebaini kwamba kompyuta inayoendesha kioo cha katikati ilitumia kumbukumbu ya flashi ya gigabaiti 8, ambayo ilikuwa ikichakaa kutokana na kuandikwa mara kwa mara. Ilipofika kikomo, dereva alipoteza picha ya kamera ya nyuma na uwezo wa kudhibiti hewa inayoondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Gari lililobaki lilikuwa zima, lakini kompyuta yake ilikuwa imechoka.

Sababu ya pili ya vifo vya kadi ni kukatika kwa umeme ghafla. Ndani ya kadi kuna kidhibiti kidogo kinachotunza orodha ya mahali kila kipande cha taarifa kilipo. Umeme ukikatika wakati orodha hiyo inaandikwa, taarifa zinaweza kubaki zilipo lakini njia ya kuzifikia ikapotea. Kwa wakazi wa miji ya Afrika Mashariki, ambako umeme unaweza kukatika bila taarifa, hatari hii haihitaji maelezo marefu.

Ipo pia sababu ya tatu, nayo ni binadamu. Sasisho la programu linaweza kukwama katikati, au fundi anaweza kufuta faili asilolijua umuhimu wake. Katika hali hizo kadi huwa nzima, lakini mfumo uliomo hauwashi tena.

Picha ya mfumo ni nini

Wapo wanaodhani kwamba kunakili faili zao kwenye diski ya nje kunatosha. Kwa barua na picha za harusi, inatosha. Kwa kompyuta iliyopachikwa, haitoshi.

Kadi ya Raspberry Pi imegawanywa katika sehemu zisizopungua mbili. Ya kwanza ni ndogo, na ndiyo inayosomwa mwanzo kabisa umeme unapoingia. Humo mna programu za kuanzishia na kiini cha mfumo endeshi. Ya pili ni kubwa, na humo mna faili nyingine zote, zikiwa na maelezo kuhusu nani anaruhusiwa kusoma au kubadilisha lipi. Mwanzoni mwa kadi, kabla ya sehemu zote mbili, kuna jedwali linaloonyesha kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi.

Mtu akifungua kadi hiyo kwenye kompyuta yenye Windows, kwa kawaida ataona sehemu ile ndogo tu. Akizinakili faili anazoziona na kudhani amemaliza, atakuwa amehifadhi mlango na kuiacha nyumba.

Picha ya mfumo hufanya kazi kwa njia tofauti. Programu ya kunakili haiulizi faili ni zipi. Husoma kadi kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho, pamoja na jedwali, sehemu zote na hata nafasi tupu, kisha huandika yote katika faili moja kubwa. Ikirejeshwa kwenye kadi nyingine, kadi hiyo huwa pacha wa ile ya kwanza.

Kutokana na utaratibu huo, picha ya kadi ya gigabaiti 32 huwa na ukubwa wa takriban gigabaiti 32, hata kama faili zilizomo ni gigabaiti tano tu. Kompyuta ikisoma megabaiti 20 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua chini kidogo ya nusu saa.

Jinsi nakala inavyochukuliwa

Hatua ya kwanza ni kuizima kompyuta ndogo kwa utaratibu, si kwa kuchomoa waya. Kunakili kadi wakati mfumo unaendelea kuandika ni sawa na kumpiga picha mtu anayekimbia kwa kamera ya pole pole: kichwa kitaonekana mahali pamoja na miguu mahali pengine. Hifadhidata ndizo zinazoathirika zaidi, kwani sehemu moja ya faili inaweza kunakiliwa kabla ya badiliko na nyingine baada yake.

Kadi ikishatolewa, huchomekwa kwenye kompyuta ya kawaida kwa kutumia kisoma-kadi. Watumiaji wa Windows wamekuwa wakitumia programu ya bure iitwayo Win32 Disk Imager, ambapo mtumiaji huchagua kadi, huandika jina la faili litakalopokea nakala, kisha huamuru kadi isomwe. Kwenye Linux na kompyuta za Apple ipo amri ya zamani iitwayo dd, inayofanya kazi hiyo hiyo bila mapambo.

Umakini unahitajika hapo, kwa kuwa programu hizo huenda pande mbili: kutoka kadi kwenda kwenye faili, na kutoka kwenye faili kwenda kadi. Anayegeuza pande hizo kimakosa huandika juu ya kadi aliyotaka kuiokoa. Amri ya dd haimuulizi mtumiaji kama ana uhakika. Akiandika jina la diski ya kompyuta yake badala ya la kadi, itatii na kuifuta. Ndiyo maana inashauriwa kuchomoa diski zote za nje zisizohusika kabla ya kuanza, na kulinganisha ukubwa wa diski inayoonyeshwa na ukubwa wa kadi iliyo mkononi.

Kwa mfumo usioweza kuzimwa, ipo njia nyingine. Toleo la Raspberry Pi OS lenye madirisha huja na programu iitwayo SD Card Copier. Hiyo hunakili kadi inayotumika kwenda kadi ya pili iliyochomekwa kwa USB. Kwa kuwa hunakili faili zilizomo na si kila kipande, kadi ya pili inaweza kuwa ndogo kuliko ya kwanza, mradi faili zinaenea. Hata kwa njia hiyo, ni salama zaidi kusimamisha kwanza programu zinazoandika taarifa, hasa hifadhidata.

Faili la picha likishapatikana, linaweza kubanwa ili lichukue nafasi ndogo. Hapa kuna jambo la kuzingatia: nafasi iliyoachwa na faili zilizofutwa bado ina mabaki ya taarifa za zamani, na mabaki hayo hayabaniki vizuri. Ipo programu huru iitwayo PiShrink inayoipunguza sehemu kubwa ya picha hadi ilingane na faili zilizopo, kisha kuiacha ijitanue yenyewe itakapowashwa kwenye kadi mpya.

Kupunguza huko kunatatua tatizo jingine linalowaumiza wengi. Kadi mbili zilizoandikwa gigabaiti 32 si lazima zilingane. Mtengenezaji mmoja anaweza kuwa na baiti milioni kadhaa zaidi ya mwingine. Picha iliyochukuliwa kutoka kadi iliyozidi kidogo haitaenea kwenye iliyopungua, na programu itakataa au, kwa ubaya zaidi, itakata mwisho wake. Mwenye haraka ya kurejesha mfumo usiku wa manane hugundua hilo akiwa hana kadi nyingine.

Kuhakiki na kurejesha

Faili likikaa kwenye diski kwa mwaka mzima, litajulikanaje kwamba halijabadilika? Kwa kazi hiyo hutumika hesabu maalumu, kama ile iitwayo SHA-256, inayosoma faili zima na kutoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika, mfululizo huo hubadilika kabisa. Mtunzaji huuandika siku ya kwanza, na huurudia kabla ya kurejesha. Ikilingana, faili ni lile lile.

Hata hivyo, hesabu hiyo inathibitisha tu kwamba faili halijabadilika tangu lilipotengenezwa. Haithibitishi kwamba lilikuwa zuri tangu mwanzo. Kadi iliyokuwa imeanza kuharibika itatoa picha ya mfumo ulioharibika, na hesabu itaitunza picha hiyo kwa uaminifu mkubwa.

Kipimo pekee kinachoaminika ni kuirejesha. Inachukuliwa kadi ya pili, iliyo tupu, na picha inaandikwa juu yake. Kadi ya asili haiguswi. Kwa kuandika inaweza kutumika programu ya Raspberry Pi Imager, iliyotolewa mwaka 2020, ambayo baada ya kuandika husoma tena kadi na kulinganisha. Kisha kadi hiyo mpya huchomekwa, na kompyuta huwashwa.

Kuwaka peke yake hakutoshi. Anayejaribu anapaswa kuhakikisha kwamba mtandao unapatikana, saa ni sahihi, programu zote zilizokuwa zikijiendesha zimeanza zenyewe, na taarifa zilizomo zinafikia siku nakala ilipochukuliwa. Aidha, ni vyema aandike muda uliotumika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Shule inayotegemea kompyuta hiyo kusambaza masomo, au duka linaloitumia kuweka hesabu za mauzo, linahitaji kujua kama litasimama kwa saa moja au kwa siku mbili.

Umuhimu wa jaribio hilo ulionekana Januari 31, 2017, katika kampuni ambayo biashara yake ni kuwatunzia wengine kazi zao. Mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi programu za watu kutoka pande zote za dunia, alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutunza nakala. Kwa maelezo yaliyotolewa hadharani na GitLab yenyewe, hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya kutokana na tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani.

Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa sababu nyingine kabisa. Kazi iliyofanyika katika saa hizo sita haikurudi. Seva za GitLab ni kubwa mno kulinganisha na kadi ya milimita 15, lakini kosa ni lile lile: nakala zilikuwepo kwenye orodha, na hakuna aliyekuwa amejaribu kuzirejesha.

Yasiyomo, na yasiyopaswa kuonekana

Picha ya kadi haibebi kila kitu. Kuanzia Raspberry Pi 4, iliyotoka Juni 2019, programu ya kwanza kabisa ya kuanzishia haikai tena kwenye kadi bali kwenye kijikumbukumbu kilichounganishwa na bodi. Anayehamisha kadi kutoka bodi moja kwenda nyingine anaweza kukuta bodi ya pili ina toleo la zamani la programu hiyo, au imepangwa kutafuta mfumo mahali tofauti. Vilevile, ikiwa taarifa za kazi zinahifadhiwa kwenye diski ya nje, picha ya kadi haitakuwa nazo.

Kinyume chake, picha hubeba mambo ambayo mwenyewe huenda amesahau. Humo mna neno la siri la mtandao wa ofisi, funguo za kuingilia seva nyingine, orodha za wateja na hata faili zilizofutwa ambazo bado hazijaandikwa juu yake. Anayempa rafiki picha ya mfumo wake ili amsaidie kurekebisha kitu, amempa funguo zote. Nakala za namna hiyo zinapaswa kufungwa kwa usimbaji fiche, hasa zinapowekwa kwenye diski zinazobebwa au kwenye hifadhi za intaneti.

Tahadhari nyingine inahusu mapacha. Picha moja ikitumika kuandaa kompyuta kumi, zote kumi zitakuwa na jina moja, funguo zilezile za utambulisho na, kama anwani ya mtandao ilipangwa kwa mkono, anwani moja. Zikiwekwa kwenye mtandao mmoja zitagongana, na mtu akiiba funguo za moja atakuwa amezipata za zote. Kila pacha lazima apewe utambulisho wake kabla ya kuanza kazi.

Somo kutoka Mirihi

Iwapo kompyuta iko mezani, kadi mpya inaweza kuchomekwa kwa mkono. Wahandisi wa Shirika la Anga la Marekani, NASA, hawakuwa na bahati hiyo Januari 2004. Gari lao lisilo na dereva, Spirit, lilitua kwenye sayari ya Mirihi mapema mwezi huo. Januari 21 mawasiliano yakavurugika. Kompyuta yake ilikuwa ikijizima na kujiwasha tena na tena, zaidi ya mara 60, huku betri zikiishiwa kwa sababu haikuweza kulala usiku.

Chanzo kilikuwa kumbukumbu ya flashi ya megabaiti 256. Ilikuwa imejaa faili nyingi mno, yakiwemo yaliyokusanywa wakati wa safari kutoka duniani. Kila kompyuta ilipowaka ilijaribu kuipakia orodha ya faili hizo, ikaishiwa nafasi, ikaanguka na kuanza upya.

Spirit iliokolewa na uamuzi uliofanywa kabla haijaondoka duniani. Waliobuni kompyuta hiyo walikuwa wameacha njia ya kuiamuru iwake bila kuigusa kumbukumbu ya flashi. Amri hiyo ilitumwa, gari likatulia, faili zisizohitajika zikafutwa, na mwezi Februari kumbukumbu yote ikaumbizwa upya. Gari lililopangiwa kufanya kazi kwa siku 90 za Mirihi liliendelea kuwasiliana hadi Machi 2010.

Pacha wake, Opportunity, alipoanza kupata matatizo ya flashi miaka kumi baadaye, wahandisi walijua la kufanya. Kabla ya kuiumbiza upya kumbukumbu hiyo Septemba 2014, walikwanza kushusha duniani taarifa zote zenye manufaa zilizokuwa zimebaki. Gari la baadaye, Curiosity, lilipewa kompyuta mbili kamili. Februari 2013, kumbukumbu ya flashi ya kompyuta iliyokuwa ikitumika ilipopata hitilafu, wahandisi waliihamishia kazi ile ya pili.

Wazo hilo la kuwa na pande mbili sasa limo mifukoni mwa watu wengi. Tangu toleo la Android 7.0 la mwaka 2016, simu zinaweza kuwa na sehemu mbili za mfumo: sasisho huandikwa kwenye ile isiyotumika, na likishindwa kuwaka, simu hurudi kwenye ile ya zamani.

La kufanya kabla kadi haijafa

Mwenye kompyuta moja ndogo hahitaji bajeti ya NASA. Anahitaji kadi mbili za akiba zenye ubora unaoaminika, kisoma-kadi kimoja na nafasi kwenye diski. Picha ya mfumo huchukuliwa mara tu kifaa kinapokamilika kuandaliwa, na tena kabla na baada ya kila badiliko kubwa. Taarifa zinazobadilika kila siku, kama hifadhidata ya mauzo, hunakiliwa peke yake kila siku, kwa kuwa ni ndogo na ndizo zisizoweza kutengenezwa upya.

Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, inafaa hapa pia: kuwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Mwizi anayebeba kompyuta na moto unaounguza ofisi havitofautishi kadi inayotumika na kadi ya akiba iliyowekwa kwenye droo ya meza ileile.

Kupunguza uchakavu nako kunasaidia. Raspberry Pi OS ina mpangilio unaoifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa, huku mabadiliko ya muda yakikaa kwenye kumbukumbu ya kawaida na kutoweka umeme unapozimwa. Kwa kifaa kinachofanya kazi moja isiyobadilika, hiyo ni kinga nzuri dhidi ya uchakavu na dhidi ya kukatika kwa umeme.

Lakini hakuna kati ya hatua hizo inayochukua nafasi ya jaribio. Angalau mara mbili kwa mwaka, kadi ya asili inapaswa kutolewa na kuwekwa pembeni, picha iandikwe kwenye kadi nyingine, na kifaa kiachwe kifanye kazi siku nzima kikiwa na kadi hiyo. Afadhali zaidi ikiwa atakayefanya hivyo si yule aliyekiandaa kifaa, bali mwenzake, akifuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye karatasi. Akikwama, maelekezo ndiyo yenye kasoro, na kuna muda wa kuyasahihisha wakati kadi ya zamani bado ni nzima.